Siku Zilizo Chini ya Kilo Kumi

Mimi si mtu wa kukaa. Tangu utotoni Mama huniuliza kama nimekalia siafu. Sasa hebu fikiria, mtu wa namna hiyo akapewa kiti cha magurudumu na kompyuta, akaambiwa atulie hapo kutoka asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa nikitikisa mguu chini ya meza hadi Okoth wa mzani, akija kuchaji mashine yake, ananiuliza kama nashona nguo.

"Wacha nishone," namwambia. "Wewe kazi yako ni kupima."

Kazi yangu ilikuwa ripoti. Pale kwenye shamba letu la chai, upande wa kuelekea Kimulot, kila mchumaji ana kadi yenye namba. Akileta majani kwenye mzani, Okoth anatundika mzigo, mchumaji anagusisha kadi kwenye mashine, mashine inalia "ti!" na kuandika namba, kilo na saa. Hiyo ndiyo data ya mzani. Kuna nyingine ya wafanyakazi: jina, genge, mwaka wa kuajiriwa, namba ya nyumba. Mimi naunganisha hizo mbili kwa namba ya kadi, nachagua safu zitakazoonekana, kisha naweka vichujio ili programu ilete tu kile kilichoitishwa.

Siku moja Mama aliniuliza kompyuta inajuaje mambo yote hayo. Nikajishaua, nikamwambia haijui kitu. "Kompyuta haina akili, Mama. Inafanya kile inachoambiwa. Ukiiambia ikuletee wanaume peke yao, inaleta wanaume. Kichujio ni kama chujio la chai tu. Tundu ni langu mimi, nalitoboa ninavyotaka."

"Basi utoboe vizuri," akasema, akaendelea kuchambua sukuma wiki.

Mama anaitwa Yunia. Alitoka Nyakach akiwa msichana, akaja kuchuma chai, na mwaka ule ninaousimulia alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita akichuma. Mimi nimezaliwa kwenye laini za kampuni, zile safu za nyumba za wafanyakazi, katika C12, chumba kimoja na jiko, na mpaka leo hiyo ndiyo nyumba ninayoijua. Mimi ni wa kandarasi na sina nyumba. Nyumba ni ya Mama, na kazi ya mchumaji ikienda, nyumba nayo inaenda ndani ya siku thelathini. Tulikuwa tukilala mle watatu, Mama, mimi, na mtoto wangu Janeffer.

Jumatatu moja ya Januari, Bwana Nyang'au, meneja wa divisheni, akaja mezani kwangu na karatasi kutoka makao makuu. Ni mtu mpole, mwenye miwani inayoteleza puani, na habari mbaya huzisoma kwa sauti ileile anayosomea ratiba ya chai ya saa nne.

"Christabel, mashine za kuchuma zinakuja mwezi wa tatu," akasema. "Wanataka orodha ya wachumaji wote ambao wastani wao wa mwaka jana uko chini ya kilo thelathini kwa siku. Nataka safu hizi: kadi, jina, genge, miaka ya kazi, namba ya nyumba, wastani. Jumatano saa kumi iwe imefika Nairobi."

"Namba ya nyumba ni ya nini, mzee?"

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe unafikiri ni ya nini?"

Nikakaza roho nikaanza. Mwaka mzima, Januari hadi Desemba. Jumla ya kilo, gawa kwa siku alizopima. Kichujio: wastani chini ya thelathini. Nikabonyeza. Majina arobaini na moja yakatokea. Nikateremka nayo polepole, huyu namjua, huyu namjua, huyu mtoto wake nilisoma naye, na kwenye mstari wa kumi na tisa nikakuta: 0417, Yunia Amolo, genge la saba, miaka 26, C12, kilo 29.4.

Niliinuka kwa nguvu hadi kiti kikaenda kugonga kabati. Nikatoka nje, nikazunguka ofisi mara mbili, nikarudi, nikasimama nyuma ya kiti nikitazama kioo kana kwamba jina litaona haya litoke lenyewe. Mama yangu! Mama anachuma kwa mikono miwili kama anayefukuzwa, nimeiona mikono hiyo maisha yangu yote. Uongo! Nikasema lazima Okoth ameharibu kitu, na nikafungua siku za Mama moja moja ili nipate cha kumtukania.

Januari ilikuwa sawa. Thelathini na moja, thelathini na tatu, thelathini na mbili. Februari vilevile. Halafu Machi ikaanguka: sita, sita, sita, saba, tano, sita. Siku ishirini na mbili mfululizo za kilo sita, kisha ghafla tena thelathini na mbili. Nikarudi kutazama tarehe. Zilianza tarehe kumi na moja Machi zikaishia tarehe sita Aprili.

Hapo ndipo nilipokaa mwenyewe bila kuambiwa. Tarehe kumi na moja Machi ndiyo siku Janeffer alizaliwa. Nilipasuliwa, kidonda kikaingia usaha, nikalazwa karibu mwezi mzima, na mama yangu alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda changu usiku na mchana. Hakuwa shambani hata siku moja. Sasa nani alikuwa akimpimia hizo kilo sita?

Wanawake wa laini wana desturi yao, na wanaiita kupimiana. Mmoja akifiwa, akijifungua, au mtoto akilazwa, mwenzake anabaki na kadi yake. Kila siku, kwenye mzani, anatenga majani kidogo kutoka mzigo wake mwenyewe na kuyapima kwa ile kadi, ili mashine isiandike "hayupo". Kwa maana ukikosa siku tatu bila ruhusa, nyapara anakukata jina. Na ruhusa yenyewe inapita ofisi tatu, ikirudi maiti ameshazikwa na matanga yameisha. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko mashine, tangu enzi za namba kuitwa kwa mdomo. Kampuni inaijua vile mtu anavyojua kuna panya darini. Kwenye ubao wa matangazo kuna karatasi iliyopauka: atakayepima kwa kadi ya mwingine, mwenye kadi na mpimaji, wote wawili nje.

Na sasa ona balaa. Siku ambayo hukupima kabisa, programu haiihesabu. Siku uliyopimiwa kilo sita, inaihesabu kuwa ulikuja kazini ukachuma kilo sita. Wangemwacha Mama akose tu, wastani wake ungekuwa thelathini na moja na nusu. Wema wenyewe ndio uliomshusha. Nilicheka peke yangu kwa hasira hadi machozi yakanitoka.

Nikaongeza kichujio: ondoa siku zote zilizo chini ya kilo kumi. Nikabonyeza. Majina thelathini na nane. Nikatafuta Yunia, hayupo. Nikatafuta tena kwa namba ya kadi, hayupo. Aki Mungu mkubwa! Nikapiga makofi pale ofisini kama mtu wa kanisani.

Ningeishia hapo. Lakini nimeshasema mimi si mtu wa kutulia, na mkono wangu kwenye kipanya ni kama mguu wangu chini ya meza. Nilitaka kujua ni nani. Nikaongeza safu ya saa, nikapanga mapimo ya genge la saba kufuata dakika, zile siku ishirini na mbili. Ikatokea waziwazi. Kila siku, kadi 0422 inapima mzigo mkubwa, na nusu dakika baadaye inakuja 0417, kilo sita. Kila siku bila kukosa, hata siku za mvua. Kadi 0422 ni ya Bosibori.

Nilimjua Bosibori tangu nijijue, na sikuwa nampenda. Ni jirani yetu wa C13, Mkisii mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Haingii kwa hodi. Anafungua sufuria yako anachungulia, anasema chumvi ni kidogo. Mimi ananiita "mwalimu wa kompyuta", na kila nikipita ananiuliza kama ofisini hawatupi chakula, mbona nimekonda kama mti wa simu. Mama, ambaye humwita Bosi, alikuwa akicheka. Mimi nilikuwa nikibana midomo.

Nikarudi kwenye orodha. Mstari wa ishirini na mbili: 0422, Bosibori, genge la saba, miaka 23, C13, kilo 29.7.

Kichujio changu hakikumsaidia hata kidogo, kwa sababu hakuwa na siku ndogo. Hakuwahi kukosa kazi, kwa hivyo hakuna aliyewahi kumpimia. Zilizomshusha ni kilo alizotoa. Nikachukua bahasha nikapiga hesabu nyuma yake. Siku ishirini na mbili, kilo mia moja thelathini na mbili. Nikazirudisha kwake, nikagawa. Thelathini nukta mbili. Nikarudia hesabu na kalamu nyingine, kana kwamba kosa liko kwenye wino, ikatoka ileile.

Jamani, nilitembea siku hiyo. Nilienda msalani bila haja. Nilienda dirishani, nikatazama chai mpaka ilipokutana na msitu, nikarudi. Nikimwambia Bwana Nyang'au ukweli, karatasi ya ubaoni inasema wote wawili nje, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemtoa mama yangu. Nikinyamaza, Mama anabaki, nyumba inabaki, Janeffer ana pa kulala. Nilijiambia sikumweka mimi Bosibori kwenye orodha, nimemkuta humo. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana, na ungekuwa ukweli mtupu nisingehitaji kuurudia.

Jumatano saa tisa na nusu Bwana Nyang'au akaja kusoma kabla ya kutuma. Kidole chake kikasimama kwenye maelezo ya vichujio.

"Hii ya kilo kumi ni ya nini? Hawakuitisha."

Mdomo wangu ukajibu kabla sijauruhusu. "Ni ile mvua ya mawe ya Machi, mzee. Siku zile mzani ulifungwa mapema, watu walipima nusu mzigo. Si haki kuwahesabia."

Akafikiri. Mvua ya mawe huku si habari, kila mwaka inapiga chai mahali. "Sawa," akasema. "Ni vizuri umefikiria hivyo. Andika hapo chini." Nikaandika kwa vidole vyangu hivi. Saa kumi kasoro dakika ishirini ripoti ikaenda.

Barua zilifika baada ya wiki mbili. Bosibori akaingia kwetu jioni bila hodi, kama kawaida, akanipa bahasha.

"Mwalimu wa kompyuta, hebu nisomee. Kiingereza chao kimejaa kona."

Mama alikuwa kwenye jiko akikoroga uji wa mtoto. Nilisoma. Nilisoma vizuri, neno kwa neno, huku Janeffer akinivuta sikio. Nilipofika kwenye namba, Bosibori akanisimamisha.

"Ishirini na tisa pointi saba. Hiyo ni kukosa kiasi gani?"

"Kidogo, Anti."

"Kidogo kama nini?"

"Kama konzi mbili za majani. Kwa siku."

Akacheka, lakini cheko lake siku hiyo halikufika hata C14. "Konzi mbili! Ai, hizo si huanguka njiani tu." Akaichukua barua, akaikunja ndogo, akaisukuma kifuani. Hakumtazama Mama. Hakusema kitu chochote kuhusu Machi, hakusema "kama nisingetoa". Alimbusu Janeffer kisogoni, akafungua sufuria, akasema uji ni mwepesi, akatoka.

Mama akaendelea kukoroga ingawa uji ulikuwa umeshaiva.

"Bosi nimechuma kando yake miaka ishirini na tatu," akasema. "Siku nikimpita ni siku anaumwa. Yeye anaenda, mimi nimebakije?"

"Ni kompyuta, Mama."

"Kompyuta inafanya kile inachoambiwa. Si ni wewe ulisema?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, haraka haraka, kama mtu anayetapika: kilo sita, safu ya saa, kichujio, mvua ya mawe. Nikasema nimefanya kwa ajili yetu. Nikasema angalia huyu mtoto. Mama akaniacha nikamaliza.

"Ulijua ni yeye?"

"Nilijua."

"Kabla ya kutuma?"

"Kabla ya kutuma."

Akaondoa uji motoni, akamchukua Janeffer kutoka kwangu, akaanza kumlisha. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, afadhali angenirushia mwiko. Aliniambia tu nifunge mlango, baridi inaingia.

Bosibori aliondoka mwishoni mwa mwezi wa pili. Shamba kwao Kisii hana, kaka zake waligawana likaisha. Alienda Mulot kwa binamu yake, kuuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara ya Narok. Mama alimsindikiza hadi stendi na godoro kichwani. Siku ya kusaini kuondoka, Bosibori alikuja ofisini kwangu, kwa sababu ni mimi ninayefunga kadi.

"Kadi yako, Anti."

"Imepotea."

"Imepotea wapi?"

"Ningejua wapi ingekuwa imepotea?" Akanitazama kutoka nywele hadi viatu. "Kula, mwalimu. Umekonda."

Nikaandika: 0422, kadi imepotea, imefungwa. Asante ya punda ni mateke, wahenga walisema, na mimi punda nilikuwa nimevaa sketi ya ofisi.

Mashine za kuchuma zikaja, zikawa zinanguruma chini kule bondeni. Waliobaki wakapewa miteremko ambayo mashine haziwezi. Nairobi nao wakapenda ile ripoti, wakasema sasa iwe ya kila miezi mitatu, kipimo kilekile, kilo thelathini. Mwishoni mwa Mei nikaijaribu mapema, nione hali ilivyo kabla haijaitishwa Juni. Nikabonyeza nikiwa nakunywa chai, bila wasiwasi wowote.

0417, Yunia Amolo. Kilo 26.1.

Nikafungua siku zake. Hakukuwa na siku ndogo hata moja. Ishirini na sita, ishirini na sita, ishirini na saba, ishirini na tano. Nikasema anaumwa, ananificha. Nikasema ni miteremko. Nikakumbuka asubuhi ile nilivyomwona akipanda na mzigo mgongoni, mzima kabisa, akimpita hata Rebeccah wa genge lao, ambaye ni msichana mbichi. Kilo sita kwa siku zilikuwa zimeenda wapi?

Kilo sita. Mguu wangu ukaacha kutikisika.

Kwenye programu kuna kisanduku kidogo ambacho huwa kimetiwa tiki tangu siku ya kwanza: ficha mapimo yaliyokataliwa. Hakuna anayekigusa, kwa sababu mapimo yaliyokataliwa ni takataka tu, kadi yenye maji, kadi iliyopinda. Nikaondoa tiki. Mistari ikamwagika. Kadi 0422, kilo 6, imekataliwa. Kadi 0422, kilo 6, imekataliwa. Kila siku ya kazi, nusu dakika baada ya 0417. Mistari sabini na moja.

Nikampigia Okoth simu pale pale nikamfokea. "Okoth, unaona nini huko kwa mzani na huniambii?"

"Namwona mama yako," akasema. "Anapima wake. Halafu anatenga kidogo, anatoa kadi nyingine kifuani. Mashine inalia ile piiii ya kukataa. Anaingoja imalize. Ananiambia asante, anamwaga majani kwenye gunia la kampuni, anaenda. Sasa Christabel, mimi ningemwambia nini?"

Jioni nilimkuta Mama nje ya C12, ameketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. C13 ilikuwa na kufuli.

"Mama, zile kilo haziendi popote," nikamwambia. "Mashine haizipokei. Bosibori hapati hata jani moja."

"Najua."

"Sasa unampimia nini?"

"Zile ni zake." Akaongeza maji ya moto kutoka kwenye birika. "Alinipimia siku ishirini na mbili. Nilifikiri nikifikisha ishirini na mbili nitaacha. Nikafikisha, nikaona bado."

"Mama, uko ishirini na sita! Juni utaingia kwenye orodha!"

"Si ripoti ni yako?" akasema, bila ukali wowote. "Utaweka kichujio kingine."

Nilikaa chini kwenye saruji, pale mlangoni, nikalia kama mtoto. Mama aliniacha nilie mpaka maji ya beseni yakapoa. Janeffer akatambaa akaja akaanza kuyapiga kwa mkono.

"Nikisema ukweli, kuna ile karatasi ya ubaoni," nikamwambia hatimaye. "Hata wewe utatoka. Na mimi kazi sina. Hii nyumba itaenda."

"Mulot kuna nyumba," Mama akasema. "Na mahindi ya Bosi, nasikia anayaunguza. Anahitaji mtu."

Kesho yake nilichapisha karatasi tatu. Ya kwanza, genge la saba, mwezi wa Machi na wa Aprili wa mwaka jana, safu ya saa ikiwa wazi, bila kichujio chochote. Ya pili, mistari yote iliyokataliwa ya 0422, sabini na moja, kwa maana siku ile Mama alikuwa hajapima bado. Ya tatu ilikuwa na majina mawili tu, na kando yake wastani kama kila mtu angerudishiwa kilo zake: Yunia thelathini na moja nukta tano, Bosibori thelathini nukta mbili. Nikaziweka mezani kwa Bwana Nyang'au, moja juu ya nyingine.

Akazitazama, akasukuma miwani juu. "Hii ripoti sikuiitisha, Christabel."

"Hapana, mzee."

"Ni ya nini?"

Mkono wangu ulikuwa umeshika mgongo wa kiti. Nje, kule kwenye mzani, nikasikia mashine ya Okoth ikilia "ti!", halafu, baada ya muda kidogo, ile piiii ndefu.

"Ile mvua ya mawe ya Machi, mzee," nikasema, "haikunyesha."

Akavua miwani. Nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kumweleza tangu mwanzo.